Mkono unaolia na mkono unaouma

Mwanangu wa pili ana miaka 13 na mikono yake inalia. Akizungusha kifundo cha mkono, pale panapovaliwa saa, unasikia “ka!” kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Akikirudisha, kinalia tena. Anafanya hivyo akiwa na daftari mbele yake, akisubiri chakula, na hasa bibi yake akiwa karibu, kwa sababu anajua bibi atashtuka.

Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hajaizoea sauti hiyo. Kwake yeye, kitu kinacholia ndani ya mwili wa mtoto kimevunjika au kiko njiani kuvunjika. “Wewe, utapata baridi yabisi kabla ya babu yako,” humwambia. Alimpaka dawa ya kuchua usiku tatu mfululizo, akamfunga kitambaa, kisha akanikalisha chini na kunitaka nimpeleke mtoto hospitali. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, mikono ya mjukuu ilijadiliwa wiki nzima. Shangazi mmoja alisema mtoto hanywi maziwa ya kutosha. Mjomba akasema ni simu.

Wiki hiyo hiyo, mdogo wangu wa kike alikuwa na mtoto wa wiki saba, na mkono wake wa kulia ulikuwa unamuuma. Huo haukujadiliwa na mtu. Haukuwa na sauti ya kushtua watu.

Mzazi mwenzangu, nimeandika makala hii kwa sababu ya mikono hiyo ya watu wawili.

Kano inayoruka

Nilimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya ambako mtaalamu wa fiziotherapia huja siku mbili kwa wiki. Tulikaa kwenye benchi karibu saa mbili, na bibi mtu alikuwepo, maana hakukubali kubaki nyumbani. Tulipoingia tu alitaka mjukuu apigwe picha ya eksirei papo hapo. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mtoto.

Hakuushika mkono kwanza. Aliuliza maswali. Panauma? Pamewahi kuvimba? Uliwahi kuanguka ukajikinga na kiganja? Mkono huwa unakwama usiende mbele wala nyuma? Ukibeba ndoo ya maji, unahisi umepungukiwa nguvu? Mtoto akajibu hapana mara tano.

“Haya, ulize tuusikie.” Ka! “Tena.” Ka! “Tena.” Alimrudisha mara kumi bila kupumzika, na mara zote kumi mkono ukalia.

“Basi, mama,” akamwambia mama yangu, “huo si mfupa unaovunjika. Ni kano inaruka.”

“Inaruka kwenda wapi?” mama akauliza, na sote tukacheka, lakini lilikuwa swali zuri na alijibiwa.

Kano ni zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Misuli mingi inayokunja na kukunjua vidole haipo kwenye vidole, ipo huku juu, kati ya kiwiko na kiganja. Kamba zake hupita juu ya kifundo cha mkono zikiwa zimebanwa kwenye njia nyembamba ili zisitawanyike. Mojawapo hupita upande wa kidole kidogo, ikiwa imelala kwenye kijifereji cha mfupa. Ukigeuza kiganja kitazame juu, kama mtu anayepokea kitu, kamba hiyo inaweza kujikwaa kwenye ukingo wa kile kifereji, ikaruka, kisha ikarudi mahali pake. Ule mruko ndio unaosikika. Fikiria kamba ya kuanikia nguo iliyopita juu ya kona ya ukuta: ukiivuta inashika kidogo, halafu inaachia kwa kishindo.

Watoto na vijana wengi wana viungo vilivyolegea kuliko vyetu, ndiyo maana mikono yao hupinda kwa namna inayotutisha watu wazima, na ndiyo maana hulia kwa urahisi. Mradi hapaumi, mtaalamu alisema, hakuna cha kutibu.

Sauti ya pili ni ya gesi

Kuna sauti nyingine, na wengi wetu tunaifahamu kutoka kwenye vidole. Wengine huita kualisha vidole, wengine huita kuvunja, na hilo neno la pili ndilo linalotia watu hofu bure. Kifundo cha mkono nacho huweza kutoa sauti hiyo ukikivuta au kukipinda, kwa sababu si kiungo kimoja. Kina mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili, ikikutana na mifupa miwili mirefu upande wa juu na mifupa mitano ya kiganja upande wa mbele. Penye mifupa mingi hivyo, maungio ni mengi.

Ncha za mifupa ndani ya kiungo zimefunikwa gegedu laini, na katikati yake kuna ute unaoteleza kama ute wa yai. Ndani ya ute huo kuna gesi iliyoyeyuka, kama ilivyoyeyuka kwenye soda kabla hujafungua kizibo. Umewahi kutenganisha sahani mbili za kioo zilizoshikana kwa maji? Zinang’ang’ania, halafu zinaachana ghafla. Kiungo kikivutwa hufanya vivyo hivyo. Ncha za mifupa zinaachana, mgandamizo ndani unashuka, na gesi inajitokeza kama povu dogo. Hapo ndipo “ka!” inaposikika.

Ni sekunde ipi hasa inayotoa mlio? Wanasayansi wamelibishania jambo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1971 watafiti wa Leeds, Uingereza, walisema ni povu linapopasuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI na kuona uwazi wa gesi ukitokea wakati wa mlio, na ukaendelea kuwepo baada ya mlio kwisha. Wakasema sauti ni ya kuzaliwa kwa povu, si ya kufa kwake. Mwaka 2018 hesabu za watafiti wengine zikarudi upande wa kupasuka, wakisema povu linaweza kupasuka nusu na nusu ikabaki. Pande zote zinazungumzia gesi na ute. Hakuna anayesema ni mfupa unaokatika.

Hapa kuna jambo ambalo unaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Kiungo kilicholia kwa gesi hakilii tena mara moja. Huhitaji kama dakika 20 hivi hadi gesi irudi kuyeyuka kwenye ute. Kano inayoruka haina haja ya kusubiri, utageuza mara kumi na italia mara kumi. Ndiyo sababu mtaalamu alimrudisha mwanangu mara zote zile. Alikuwa anatafuta ni sauti ipi.

Daktari aliyewapima mama na shangazi zake

Tukiwa njiani kurudi mama yangu alikuwa bado na swali moja. Je, uzeeni? Viungo havitakuja kudai deni?

Hofu hiyo si ya nyumbani kwetu tu. Daktari mmoja wa California, Marekani, Donald Unger, alipokuwa mtoto aliambiwa na mama yake, na mashangazi zake kadhaa, na baadaye hata na mama mkwe wake, kwamba kualisha vidole kutamletea ugonjwa wa viungo. Akaamua kupima. Kwa miaka 50 alialisha vidole vya mkono wa kushoto angalau mara mbili kwa siku, na ule wa kulia akauacha uwe wa kulinganishia. Mwaka 1998 aliandika matokeo yake katika jarida la kitabibu: mikono yote miwili haikuwa na ugonjwa wa viungo, na hakukuwa na tofauti ya kuonekana kati yake. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaomchekesha mtu kwanza na kumfikirisha baadaye.

Mtu mmoja hawezi kuwa ushahidi wa dunia nzima. Lakini mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watu 215 wa Marekani, wenye umri wa miaka 50 hadi 89, waliokuwa na picha za eksirei za mkono wa kulia. Wenye tabia ya kualisha vidole hawakuwa na ugonjwa wa kusagika viungo vya mkono kuwazidi wasio na tabia hiyo.

Upo pia utafiti wa mwaka 1990, wa watu 300, uliokuta kwamba wanaojialisha kwa mazoea walikuwa na uvimbe wa mikono na nguvu ndogo ya kushika kuliko wenzao, ingawa nao haukukuta ugonjwa wa viungo kuongezeka. Kwa hiyo sauti inayojitokea yenyewe haina neno, lakini mtoto anayeupinda mkono kwa nguvu mpaka ulie anastahili kuambiwa aache. Mwanangu nimemwambia hivyo, na nimemwambia sababu. Ile hadithi ya baridi yabisi tumeiweka pembeni.

Mkono usiokuwa na kelele

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mdogo wangu kumwona mtoto. Arobaini ilikuwa imeshapita na mama mkwe wake bado alikuwepo, mwanamke mchapakazi aliyemkanda mkwewe kwa maji ya moto kila asubuhi bila kukosa. Nilimkuta mdogo wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto analia, naye anaingiza mikono yote miwili chini ya mtoto na kumwinua kwa viwiko, kama mtu anayebeba kuni.

“Mbona unambeba hivyo?”

“Dada, nikitumia kidole gumba, hapa panachoma kama moto.” Akanionyesha chini ya kidole gumba, upande wa kifundo.

Nikamuuliza maswali yale yale niliyoyasikia kituo cha afya. Panauma? Ndiyo, tangu wiki ya tano. Pamevimba? Kidogo, na kweli palikuwa pamejaa. Nguvu? Kikombe cha uji kilimponyoka juzi. Panalia? Akafikiri. “Hapalii. Panakwaruza, kama kiatu kipya. Lakini mpaka uweke kidole ndipo unahisi.”

Hakuwa amemwambia mtu zaidi ya mara moja. Mara hiyo moja aliambiwa ni baridi ya uzazi, imeingia kwenye mifupa, itatoka kwa kukandwa. Kisha aliposhindwa kukamua nguo za mtoto na kusonga ugali, maneno yakabadilika. Kuna aliyesema wasichana wa siku hizi hawana mifupa. Kuna aliyesema anadeka. Shemeji yangu, ambaye si mtu mbaya, alikuwa kimya. Mdogo wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku huwa anaogopa kumchukua mtoto akiwa na usingizi, asije akamwangusha, na kwamba jirani amemshauri aache kunyonyesha kwa sababu maziwa “yanavuta mifupa”.

Fikiria mzigo huo. Mama wa mtoto wa kwanza, anaogopa mikono yake mwenyewe.

Tulikwenda naye kesho yake. Daktari alimwambia akunje kidole gumba ndani ya kiganja, afunge ngumi juu yake, halafu ausogeze mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Machozi yalimtoka kabla hajafika nusu.

Hali hiyo inaitwa De Quervain, kwa jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Kano mbili za kidole gumba hupita pamoja kwenye njia moja nyembamba pembeni mwa kifundo cha mkono. Njia hiyo ikinenepa kuta zake, kano zinabanwa, na kila ukiinua kidole gumba zinasuguana. Huwapata watu wengi wanaorudiarudia kazi moja ya mkono, na huwapata sana akina mama wenye watoto wachanga. Mabadiliko ya mwili wakati wa ujauzito na kunyonyesha yanatajwa kuwa sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni namna tunavyomwinua mtoto: tunamshika chini ya makwapa, vidole gumba vimesimama wima, uzito wote unaning’inia kwenye vifundo vya mikono. Tunafanya hivyo mara nyingi kwa siku, na mtoto anaongezeka kilo.

Alipewa kifaa cha kuvaa kinachoshikilia kifundo na kidole gumba visicheze. Alifundishwa kumchota mtoto kama anachota unga, viganja vikitazama juu, uzito ukilala kwenye mikono na si kwenye vidole. Aliambiwa asimeze dawa ya maumivu bila kuuliza, kwa kuwa ananyonyesha. Aliambiwa asiache kunyonyesha, ila aweke mto chini ya mtoto ili mkono usibebe uzito. Na aliambiwa kwamba isipotulia, ipo sindano inayochomwa pale pale penye kano ambayo huwasaidia wengi, na kwamba upasuaji mdogo ni kwa wachache ambao mengine yote yameshindwa.

Jambo kubwa zaidi daktari alilisema akimtazama shemeji yangu: nguo zikamuliwe na mtu mwingine. Tangu siku ile anakamua yeye. Mama mkwe alinyamaza siku moja, ya pili akasema hata yeye alipozaa mtoto wa tatu mkono ulimuuma hivyo hivyo, na hakuna aliyemuuliza.

Nini cha kutazama

Kutokana na hao wawili nimejifunza kuuliza kama mkono unauma kabla ya kuuliza kama unalia. Mlio usio na maumivu, usio na uvimbe, kwenye mkono unaofanya kazi zake zote, mwachie mwenyewe. Lakini usisubiri ukiona haya:

Kwanza, maumivu baada ya kuanguka. Mtoto au kijana akianguka kwenye mpira au bodaboda akajikinga na kiganja, na akawa anaumia ukibonyeza kale kashimo kalichopo chini ya kidole gumba, usikande wala kumvuta. Hapo kuna mfupa mdogo ambao ukipasuka, ufa wake unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza. Mara nyingi hutakiwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14, na mkono ukae umefungwa katika kipindi hicho. Damu huufikia mfupa huo kwa shida, hivyo ukicheleweshwa unaweza kukataa kuunga.

Pili, kiungo kilichovimba, chenye moto na wekundu, hasa mtoto akiwa na homa. Hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, mikono inayokakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au kiungo cha mtoto kinachobaki kimevimba wiki baada ya wiki hata kama hakuanguka.

Nne, ganzi ya vidole usiku, kifundo kinachokwama, au vitu vinavyoponyoka mkononi. Wajawazito wengi hupata ganzi ya namna hiyo kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Waeleze kliniki, wasivumilie.

Tano, na hili ni la watoto walio chini ya miaka mitano: usimvute wala kumnyanyua kwa kifundo cha mkono, hata kwa mchezo. Anayeumia hapo mara nyingi ni kiwiko, si kifundo. Mfupa wake unachomoka kidogo, wakati mwingine kwa mlio mdogo, na mtoto anaacha kabisa kuutumia mkono huo. Mhudumu wa afya anayejua huurudisha kwa dakika moja, lakini si kazi ya kujaribia sebuleni.

Na ukimsikia mama mwenye mtoto mchanga akisema mkono wake unauma, usianze kumweleza habari za baridi au za wasichana wa siku hizi. Mpokee mtoto kwanza. Maswali yafuate.